Msimu wa moto kichaa umeanza na zimamoto iko mbali: jinsi ya kulinda shamba lako la miti huku Nyanda za Juu Kusini

Kamwene wadau. Naandika hii kwa wote wenye mashamba ya miti Mufindi, Kilolo, Njombe, Makete, Ludewa na vijiji vya jirani, iwe una heka moja nyuma ya nyumba au heka hamsini ulizonunua ukiwa Dar. Mvua zilikata Mei, sakitu (baridi kali inayogandisha umande) ikapiga bondeni majani yote yamekauka, upepo wa Agosti ndo huo umeanza, na kuanzia sasa mpaka mvua za mwisho wa Novemba ni kulala sikio wazi.

Kwanza tuelewane kuhusu zimamoto. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wapo, namba ni 114, wapigie kila moto unapotokea. Ila vituo viko mijini, magari ni machache, na huu msimu moto hauwaki sehemu moja, unawaka vijiji vitatu vinne mchana mmoja na kila kijiji kinapiga simu ileile. Hata gari likija, halipandi mgongo wa kilima wenye paina, na maji lililobeba yakifunguliwa bomba kubwa yanaisha ndani ya dakika chache, basi linarudi kutafuta maji. Sao Hill wenyewe, shamba la serikali la zaidi ya hekta 135,000, wana vikosi vyao na bado kiangazi ni kipindi cha presha kwao. Tukumbuke na Kilimanjaro Oktoba 2020, moto ulianzia eneo la Whona kwenye njia ya Marangu, ukala zaidi ya kilomita za mraba 90, na waliopanda kuuzima walikuwa mamia ya watu kwa miguu, askari wa TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wananchi wa kawaida na matawi mikononi. Oktoba 2022 mlima uleule ukaungua tena. Na Canada mwaka 2023, nchi yenye ndege za kumwaga maji, ziliungua hekta karibu milioni 15 ikabidi waombe wazima moto mpaka Afrika Kusini.

Kwahiyo moto wa shamba lako utazimwa na watu watakaofika ndani ya nusu saa ya kwanza, na hao ni majirani zako. Kila hatua hapa chini inaanzia hapo.

Hatua ya 1: Zunguka mpaka wako kwa miguu

Nenda mwenyewe au mtume mtu anayejua moto, tembea mpaka wote na ujiulize moto utaingilia wapi. Upepo wa kiangazi huku kwetu mwingi unatoka kusini mashariki, kwahiyo upande huo uangalie mara mbili. Halafu angalia mteremko, moto unapanda kilima kwa kasi sana, kila nyuzi 10 za mteremko kasi yake inakaribia kuongezeka mara mbili, maana yake kama shamba lako liko juu na chini kuna bonde la majani makavu basi wewe ndo uko hatarini kuliko mwenye shamba la tambarare.

Angalia pia watu wanapita wapi. Njia ya warina asali, sehemu vijana wanapowinda panya na ndezi, tanuru la mkaa, sehemu wachungaji wanapokaa kuchoma mahindi, shamba la ulezi linalochomwa kila mwaka. Moto wa kujiwasha wenyewe kiangazi ni nadra sana huku, radi zinakuja na mvua. Karibu kila moto una mtu nyuma yake, na mara nyingi mtu huyo mnafahamiana.

Hatua ya 2: Barabara ya kuzuia moto, na uilime kweli

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana hapa ndo hela inapotea bure.

Watu wengi wanafyeka majani upana wa mita mbili tatu wanayaacha palepale chini halafu wanasema nimesafisha barabara. Hiyo sio barabara, hayo ni majani makavu yamelazwa vizuri yanasubiri kiberiti. Barabara ya moto ni udongo. Ukishafyeka, ondoa yote, halafu pita na jembe ukwangue mpaka udongo mwekundu uonekane bila unyasi katikati. Na yale uliyofyeka usiyarushe upande wa miti yako, hapo utakuwa umeegesha kuni kwenye shina, yatoe nje kabisa au yapeleke bustanini kufunikia ardhi.

Upana, ushauri wangu ni mita 10 kwa upande wa upepo na upande wenye majani marefu, pande zingine mita 5 au 6. Najua ni ardhi nyingi na inauma kuiacha bila miti, lakini kuna namna ya kuitumia, kipindi cha mvua panda viazi au maharage humohumo kwenye barabara, ukivuna Mei au Juni ardhi tayari imeshalimwa na iko wazi, kazi inayobaki ni kuondoa masalia tu. Mkiwa majirani wawili mnaopakana kila mmoja akitoa mita 5 mnapata barabara ya mita 10 na gharama mnagawana, hii ndo njia rahisi kuliko zote na sielewi kwanini hatuifanyi zaidi.

Kazi hii ifanyike Mei mpaka Julai. Ukichelewa ukafika Septemba bado ifanye, ila usithubutu kuisafisha kwa kuchoma kipindi hicho. Kuchoma mapema kunawezekana Mei na Juni majani yakiwa bado nusu kijani, kwa kibali na watu wa kutosha, baada ya hapo ni jembe tu.

Ukimaliza inama uiangalie kwa karibu. Utakuta mzizi mkavu umevuka kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, gogo lililooza limefukiwa nusu. Moto unatambaa ndani ya vitu hivyo polepole bila mwali, unavuka barabara yako usiku ninyi mmeshaenda kulala. Kata mzizi, toa gogo, rusha kinyesi. Na paina zinadondosha majani kila siku, kwahiyo barabara safi ya Julai ikifika mwezi wa tisa imeshafunikwa, pita tena na reki.

Ndani ya shamba kubwa pia katakata barabara ndogo, ili moto ukiingia kipande kimoja usile vyote. Na tusidanganyane, upepo ukiwa mkali cheche zinaruka barabara yoyote ile. Barabara inawapa ninyi mahali pa kusimama mkapigana na moto ukiwa umepungua nguvu, na bila hiyo hamna pa kusimama kabisa.

Hatua ya 3: Safisha ndani

Paina ikifika miaka mitatu minne pogoa matawi ya chini mpaka kama mita 2, usizidishe nusu ya urefu wa mti. Moto wa chini ukikuta matawi yanagusa majani unapanda juu, na ukishafika kwenye vilele hakuna binadamu wa kuuzima kwa mkono. Matawi uliyopogoa usiyaache yamelundikana kwenye mashina, na mistari ya pembeni mwa shamba yatoe yote. Miti chini ya miaka mitatu palilia, hapo majani na mti vina urefu mmoja na moto wowote ukipita umepoteza vyote.

Hatua ya 4: Kaa na jirani anayechoma

Hii nayo naipa nafasi kubwa kuliko vifaa.

Kumwambia mkulima asichome haisaidii. Ana nusu heka yake ya ulezi au njegere, hana hela ya vibarua, kiberiti ni shilingi chache tu. Ukienda na maneno ya sheria atakuitikia vizuri na Jumamosi atachoma akiwa peke yake, kimyakimya, mchana wa jua kali. Nenda umkalishe chini, mwambie kaka, au mama, siku ukiandaa shamba niambie nije na vijana wangu tukusaidie kufyeka na kukwangua ule upande wetu. Nusu siku ya vibarua wawili ni hela ndogo mno ukilinganisha na paina za miaka kumi.

Kama lazima achome, basi utaratibu uwe huu. Kibali kwanza kutoka uongozi wa kijiji, Sheria ya Misitu ya 2002 haimruhusu mtu kuchoma ovyo bila kibali na vijiji vingi vina sheria ndogo zao juu ya hapo. Majirani wote wa mpaka wapewe taarifa siku moja kabla. Achome asubuhi na mapema au jioni jua limeshapoa, upepo umetulia, kamwe sio kati ya saa sita na saa kumi mchana. Akwangue pande zote kwanza. Aanzie juu ya mteremko na upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi kinyume na upepo taratibu, akianzia chini hataushika. Watu wasiopungua watano wawepo na asiondoke mtu mpaka moshi uishe.

Kuna jambo moja naomba viongozi wa vijiji walifikirie. Tumezoea kutanguliza faini, ukisikika tu moto umetoroka shamba la fulani wanaanza kumtafuta fulani. Matokeo yake mtu moto ukimshinda anakimbia badala ya kupiga yowe, na zile dakika ishirini za kwanza ambazo moto ni mdogo, unaozimika kwa watu wanne, zinapotea. Mimi naona kijiji kitangaze wazi kwamba anayepiga yowe mapema na akabaki kuzima atatendewa tofauti na aliyekimbia. Faini zibaki kwa wanaoficha.

Na wewe ndugu yangu uliyeko Dar au Mbeya mjini, shamba lako lisilopaliliwa miaka minne ndo daraja la moto kutoka bonde mpaka kwenye miti ya bibi ambaye ile paina ndo ada ya wajukuu zake. Watu wa kijiji wanazima moto kwenye shamba lako wakati hata namba yako ya simu hawana. Tuma hela ya kusafisha barabara kila Mei, weka mtu anayejulikana, na msimu ukianza piga simu umsalimie mwenyekiti wa kitongoji.

Hatua ya 5: Vifaa

Havihitaji mtaji mkubwa. Majembe, reki, mapanga, koleo. Vipigio vya moto, unachukua mti mrefu wa mita mbili unafunga kipande cha mpira mnene wa tairi au mkanda wa mashine kwa misumari na waya, vikikosekana matawi mabichi yenye majani mengi yanafaa. Mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa, yale ya lita 15 au 20, yaoshwe vizuri kabisa dawa iishe halafu yakae na maji, ukitia sabuni ya unga kidogo maji yanapenya vizuri kwenye majani makavu na mboji. Madumu ya maji yakae sehemu mbili tatu za shamba, na maji ya kunywa yawe mbali na hayo.

Nguo ziwe za pamba, mikono mirefu, suruali nzito, buti. Jezi za polista na makoti ya nailoni yanayeyuka yanaganda kwenye ngozi, bora mtu avae shati la zamani la pamba. Ndala hapana.

Vifaa vikae sehemu moja inayojulikana na ufunguo uwe kwa watu wawili wanaolala kijijini.

Hatua ya 6: Orodha ya simu na macho

Andikeni kwenye karatasi, bandikeni ofisi ya kijiji na dukani: mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, wenyeviti wa vitongoji, kamanda wa mgambo, ofisa misitu wa wilaya, kampuni au shamba la serikali mnalopakana nalo, mwenye pikipiki, mwenye trekta na boza la maji, na 114. Group la WhatsApp ni zuri lakini mtandao huku mabondeni unajulikana, kwahiyo kengele ya shule au kipande cha reli kinachogongwa kibaki palepale, na wote wajue mlio wa moto ukoje.

Kuanzia Agosti wekeni mtu mwenye simu sehemu ya juu kuanzia saa tano asubuhi mpaka jioni, mlipeni kwa kuchangiana. Kuna watu wanategemea ile ramani ya NASA inaitwa FIRMS, inaonyesha kwa setilaiti sehemu zenye moto na ni bure, mimi nashauri muitumie kuona wiki hii moto unazunguka maeneo gani, lakini setilaiti zinapita mara chache kwa siku na taarifa inachukua masaa kama matatu kufika kwenye ramani. Hapo heka zako zimeshakwisha. Jicho la mtu kilimani bado linashinda.

Hatua ya 7: Moto umewaka

Piga simu na yowe kwanza kabla hujakimbilia moto, hata kama unaona ni mdogo. Watoto, wajawazito na wazee waende sehemu iliyo wazi. Nyumba zikiwa karibu, watu kwanza, mifugo ifunguliwe, mbao na kuni zilizoegemezwa ukutani zisogezwe. Waliokwishakunywa ulanzi (pombe ya mianzi) wabaki, wanaweza kusaidia kubeba maji barabarani lakini kwenye moto hapana, mtu aliyelewa hasikii akiitwa.

Awepo kiongozi mmoja tu, aliyewahi kuzima, wote wamsikilize. Na mtu mmoja apande kilima cha pili mkabala na moto, asizime chochote, kazi yake ni kuangalia upepo na kupiga simu au filimbi moto ukigeuka. Hiyo nafasi ndo inaachwa kila mara maana kila mtu anataka kuonekana anapiga moto, na ndo inayookoa watu.

Sasa angalieni mwali. Moto una kichwa, ile sehemu inayokimbia mbele, una mbavu pembeni na mkia nyuma. Mwali ukizidi kama mita 1.2, yaani unafika kifuani, usiuendee kwa vipigio, rudini mkausubiri kwenye barabara. Ukiwa chini ya hapo anzeni mkiani, mguu mmoja ukiwa kwenye sehemu iliyoungua tayari, mpande na mbavu zote mbili mkielekea kichwani mpaka mkutane. Kipigio usikinyanyue juu ukipiga kwa hasira, kinarusha cheche nyuma yako, kikandamize na ukiburute kuelekea upande ulioungua. Mnazima kwa mstari, wa kwanza anapunguza mwali, wa pili anamalizia, wa tatu anakwangua na jembe, mkichoka mnabadilishana.

Msisimame juu ya mteremko moto ukiwa chini yenu. Msiingie korongoni, korongo linavuta moto juu na moshi unajaa humo. Kabla hamjaanza kila mmoja ajue atakimbilia wapi, na sehemu salama kuliko zote huwa ni ile iliyokwisha kuungua. Ukizidiwa kabisa nenda hapo au kwenye udongo mtupu, lala kifudifudi, funika uso.

Kuhusu kuwasha moto mwingine wa kupinga ule unaokuja, huo muachieni kiongozi anayeujua na awe amehakikisha hakuna mtu katikati. Nimeona vijana wanawasha kila mtu kwa akili yake, matokeo yake mnakuwa na moto mitatu.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, vua saa, pete na nguo ambayo haijaganda, funika kwa kitambaa safi, peleka kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta, mayai, unga, vyote visiguse kidonda.

Hatua ya 8: Baada ya mwali kuzimika, hamjamaliza

Moto unaonekana umekufa saa mbili usiku, watu wamechoka, wanaenda nyumbani. Kesho yake saa saba mchana upepo unaamka, kisiki kilichokuwa kinafuka ndani kinatoa cheche moja inaangukia majani upande wa pili, na kazi yote inaanza upya mkiwa hoi zaidi ya jana. Hii inatokea mno.

Kwahiyo wabaki watu wanne au watano wa zamu, wapite mpaka wote wa sehemu iliyoungua, upana wa mita 20 au 30 kuelekea ndani. Kila kisiki, gogo na rundo la majani ya paina peleka kwanza mgongo wa kiganja karibu bila kugusa, ukihisi joto chimba. Majani ya paina yakiwa mazito moto unakaa chini yake juu yapo meusi na yamepoa, fukua mpaka udongo, mwaga maji, koroga, mwaga tena. Alfajiri ndo muda mzuri kwa kazi hii, moshi mwembamba unaonekana vizuri kwenye baridi. Rudieni siku tatu mfululizo hasa kuanzia saa tano asubuhi, na visiki vikubwa vya milingoti (mikaratusi) vipeni hata wiki.

Miti iliyoungua

Usiite mnunuzi siku hiyohiyo, wapo wanaokuja na bei ya msiba. Piga picha mpaka wote, toa taarifa ya maandishi kwa mtendaji na ofisa misitu. Halafu subiri wiki chache ukague mti mmoja mmoja, kwangua ganda kwa kisu karibu na chini pande zote nne, ukikuta chini ya ganda pako peupe pana majimaji mti una nafasi, ukikuta pamekuwa kahawia na pamekauka kuzunguka shina zima umekufa. Paina zilizokufa zenye ukubwa wa mbao zivunwe ndani ya miezi michache, maana fangasi wanaingia wanaipaka mbao doa la bluu na wadudu wanatoboa, bei inashuka kila wiki. Milingoti usiing'oe, kata shina usawa wa chini, visiki vingi vitachipua mvua zikianza, ukifika mwaka mmoja unaacha machipukizi mawili mazuri kila kisiki mengine unaondoa.

Paina changa zikiisha zote, agiza miche mapema kwa kupanda Desemba au Januari, na kabla ya kuchimba shimo hata moja pima barabara ya moto kwanza, mita 10 upande wa upepo, uweke vigingi, halafu miti ifuate.